Kubadilisha mitambo ya upepo iliyozeeka karibu na makazi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mujibu wa sheria za Ujerumani

Mitambo mingi ya upepo iliyosimamishwa nchini Ujerumani kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekwisha kutimiza umri iliyoundwa kuutumikia, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Sheria ya nishati jadidifu iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2000 iliwahakikishia wenye mitambo bei maalumu ya umeme kwa muda wa miaka 20, na kundi la kwanza la mitambo likatoka kwenye malipo hayo tarehe 31 Desemba 2020. Tangu hapo swali limekuwa lile lile katika kila kijiji chenye minara ya zamani: je, mtambo huu uachwe uendelee hadi uchoke kabisa, au ung'olewe na mahali pake pawekwe mwingine ulio mkubwa zaidi, ilhali watu wanaishi mita mia chache kutoka pale?

Mimi hufanya kazi ya kupima na kupanga maeneo ya mitambo ya upepo kaskazini mwa Ujerumani. Mwongozo huu nimewaandikia Waswahili wenzangu walioingia katika fani hii huku Ulaya, pamoja na wahandisi wa nyumbani ambao suala hili litawafikia karibuni, kwa kuwa mitambo sita ya kilowati 850 iliyowekwa Ngong nchini Kenya mwaka 2009 itatimiza miaka 20 mwaka 2029. Katika kazi yote hii nimejifunza jambo moja ambalo ningependa lishikwe kabla ya mengine: nyumba ya jirani ndiyo inayochagua mtambo. Anayeanza kwa kuchagua mtambo kisha akaenda kuutafutia mahali hujikuta anarudi mwanzo mara mbili au tatu, na kila mara anakuwa amekwisha kupoteza fedha na imani ya watu.

Hatua ya 1: Amua kama mtambo unastahili kubadilishwa

Mtambo uliotimiza miaka 20 hauzimwi kwa sababu ya tarehe pekee. Mtaalamu anaweza kuukagua na kuhesabu ni kiasi gani cha uchovu wa chuma na wa mapanga kimekwisha kutumika, na akathibitisha kwamba unaweza kuendelea kwa miaka kadhaa. Uamuzi wa kuendelea ni wa busara pale ambapo nyumba ziko karibu mno kiasi kwamba hakuna mtambo mpya utakaoruhusiwa, kwa kuwa mtambo uliopo unalindwa na kibali chake cha zamani, na ukishaung'oa huwezi kuurudisha.

Pale ambapo nafasi ipo, faida ya kubadilisha ni kubwa mno kupuuzwa. Mtambo wa kawaida wa mwaka 2000 wenye rota (duara linalochorwa na mapanga) ya kipenyo cha mita 66 hufagia eneo la mita za mraba 3,421, na mtambo wa leo wenye rota ya mita 162 hufagia mita za mraba 20,612, yaani karibu mara sita. Ukiongeza kwamba kitovu, yaani pale mapanga yanapoungana juu ya mnara, kimepanda kutoka mita 65 hadi 169, mahali ambapo upepo ni mkali zaidi na hauvurugiki sana, utaelewa kwa nini mitambo miwili mipya inaweza kuchukua nafasi ya mitambo minane ya zamani na bado ikazalisha umeme zaidi.

Hatua ya 2: Pima nyumba zote kabla ya kufungua katalogi

Chukua ramani rasmi ya viwanja kutoka ofisi ya ardhi, kisha uorodheshe kila jengo linalokaliwa na watu, au linaloweza kukaliwa kihalali, ndani ya duara la kilomita 2 kutoka kila mtambo wa zamani. Hapa sheria haisemi nyumba zilizokwisha kujengwa tu. Kifungu cha 249 cha Sheria ya Ujenzi ya Shirikisho kinazungumzia matumizi ya makazi yanayoruhusiwa, kwa hiyo kiwanja kitupu ambacho tayari kina haki ya kujengewa nyumba nacho kinapimwa. Umbali huhesabiwa kutoka katikati ya mguu wa mnara, na urefu wa mtambo ni kimo cha kitovu kikijumlishwa na nusu ya kipenyo cha rota. Watu wengi huhesabu kutoka ncha ya panga au kutoka ukingo wa msingi, na tofauti ya mita 10 inaweza kukugharimu kibali.

Baada ya ramani, nenda kwa miguu. Mashamba ya Ujerumani yana desturi ya wazee kumwachia mtoto nyumba kubwa pindi wanapostaafu, nao wakahamia nyumba ndogo pembeni ya ua. Katika kazi moja nilipima mita 540 kutoka mahali palipopangwa mnara hadi nyumba kuu ya shamba, nami nikaridhika, kwa sababu mtambo uliofikiriwa ulikuwa na urefu wa mita 250 na ulihitaji mita 500. Nilipofika pale nikaona, nyuma ya ghala la nyasi, kijumba cha matofali chenye mapazia meupe na viatu vya mvua vimepangwa mlangoni. Kilikuwa mita 70 karibu zaidi. Kwenye ramani niliyokuwa nayo kilichorwa kama banda, lakini kilikuwa na kibali halali cha makazi, na bibi mwenye umri mkubwa alikuwa akiishi humo. Umbali wangu wa kweli ukawa mita 470, na mtambo wenye urefu unaozidi mita 235 haukuwa tena na uhakika wa kibali mahali pale.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kushuka hadi mtambo wenye rota ya mita 138 na kitovu cha mita 160, ambao urefu wake wote ni mita 229, na kukubali kupoteza zaidi ya robo ya eneo linalofagiwa na upepo. Ya pili ilikuwa kuusogeza mnara mita 35 upande wa pili, jambo ambalo lilituingiza katika shamba la mmiliki mwingine na kuusogeza mnara karibu na mtambo wa jirani. Tulichagua ya pili, na mazungumzo na yule mmiliki mwingine yalichukua miezi. Laiti ningetembea pale siku ya kwanza, miezi hiyo isingepotea.

Hatua ya 3: Tambua ni kanuni ipi ya umbali inayokuhusu

Neno "umbali" katika kazi hii lina maana zaidi ya moja, na wanaochanganya maana hizo ndio hupotosha mikutano ya vijiji. Ipo kanuni ya umbali iliyowekwa na jimbo, ipo kanuni ya shirikisho inayohusu jinsi mnara unavyolielemea jicho la mkazi, na upo umbali usioandikwa popote kama namba ila hutokana na hesabu ya kelele na kivuli. Mtambo mpya ni lazima uzitosheleze zote, na mara nyingi ile isiyoandikwa ndiyo hubana kuliko zilizoandikwa.

Kuhusu majimbo, mfano uliojulikana zaidi ni wa Bavaria, ambako mwaka 2014 iliwekwa kanuni kwamba mtambo uwe mbali na makazi kwa angalau mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 250 ulihitaji basi mita 2,500, na katika nchi ambayo vijiji vimesambaa kila upande, karibu hakuna ardhi iliyobaki. Mwezi Novemba 2022 Bavaria ililegeza kanuni hiyo, na miradi ya kubadilisha mitambo ya zamani ikawa miongoni mwa ile inayotosha kuwa mita 1,000 kutoka makazi. Sheria ya shirikisho nayo imeweka ukomo: umbali unaowekwa na jimbo kwa sheria mpya hauwezi kuzidi mita 1,000, na hautumiki katika maeneo yaliyotengwa rasmi kwa ajili ya upepo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza mamlaka ya wilaya ni kama mitambo yako ya zamani imo ndani ya eneo lililotengwa au iko nje yake. Ikiwa iko nje usikate tamaa, kwa kuwa kifungu hicho hicho cha 249 kimeacha mlango wazi kwa miradi ya kubadilisha mitambo hadi mwisho wa mwaka 2030, isipokuwa katika hifadhi za mazingira zilizotajwa humo.

Kuhusu jicho, tangu tarehe 1 Februari 2023 sheria inasema kwamba mtambo ulio mbali na makazi kwa angalau mara mbili ya urefu wake kwa kawaida hauhesabiwi kuwa unamwelemea mkazi. Chini ya hapo mradi haujafa, lakini kila nyumba huchunguzwa peke yake: madirisha ya sebule yanatazama wapi, kuna miti au ghala katikati, bustani ya kukaa iko upande gani. Ushauri wangu ni kutoshuka chini ya mara mbili kwa hiari yako, hata mwanasheria akikuambia inawezekana, kwa kuwa mtu anayefungua mlango wa nyumba yake na kuona panga likipita juu ya paa hatakusamehe kwa sababu ya fungu la sheria.

Nchi jirani zina namba tofauti, na ni vizuri kuzijua usije ukazichanganya. Denmark hudai mara nne ya urefu wa mtambo hadi nyumba ya karibu. Poland iliweka mara kumi mwaka 2016, kisha mwaka 2023 ikaruhusu kushuka hadi mita 700.

Hatua ya 4: Chora mahali ambapo mtambo mpya unaweza kusimama

Ili mradi uhesabiwe kuwa ni wa kubadilisha na upate nafuu zake, ni lazima utimize masharti ya kifungu cha 16b cha sheria ya shirikisho ya udhibiti wa uchafuzi, inayofahamika kwa kifupisho chake BImSchG. Kifungu hicho kiliingizwa mwaka 2021 na kikapanuliwa mwaka 2024. Kwa sasa mtambo mpya unatakiwa usimame ndani ya miezi 48 baada ya ule wa zamani kung'olewa, na usiwe mbali na mahali pa zamani kwa zaidi ya mara tano ya urefu wa mtambo mpya. Kwa mtambo wa mita 250, hiyo ni mita 1,250. Watu wengi husoma sharti hili kama kizuizi. Mimi nimelisoma kama ruhusa ya kumwondolea mtu mnara uliokuwa umemkalia karibu kwa miaka 20, kwa sababu mita 1,250 zinatosha kuuhamisha upande wa pili wa shamba.

Juu ya ramani ile ile ya nyumba, chora duara la mara mbili ya urefu kuzunguka kila nyumba na duara la mara tano kuzunguka kila mtambo wa zamani. Kinachobaki ndani ya duara la pili na nje ya lile la kwanza ndicho kiwanja chako cha kazi. Kisha toa barabara, kwa kutumia kipimo cha barafu: katika maeneo ya baridi mapanga hurusha vipande vya barafu, na umbali ambao ukizingatiwa huondoa haja ya uchunguzi zaidi ni mara moja na nusu ya jumla ya kipenyo cha rota na kimo cha kitovu. Kwa rota ya 162 na kitovu cha 169, hizo ni mita 497. Chini ya hapo utahitaji vihisi vya barafu na ripoti ya mtaalamu. Toa pia nafasi ya upepo uliovurugwa, kwa kuwa mtambo ulio nyuma ya mwenzake kwa karibu mno huchoka mapema.

Hatua ya 5: Hesabu mvumo, na uuhesabu usiku

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, na ndipo mwandishi wa ombi anapaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kanuni ya kelele ya Ujerumani hugawa makazi kwa aina. Usiku, yaani kuanzia saa 4 hadi saa 12 alfajiri, kikomo ni desibeli 35 katika mtaa wa makazi matupu, desibeli 40 katika mtaa wa kawaida wa makazi, na desibeli 45 katika kijiji chenye mchanganyiko wa makazi na kazi. Nyumba za shamba zilizo peke yake nje ya kijiji kwa kawaida hupewa kikomo hicho cha 45. Mchana vikomo viko juu zaidi na ni nadra kuleta shida.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtambo mpya hutoa nguvu ya sauti ya desibeli 106 kwenye kitovu. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6, na hewa yenyewe hunyonya kiasi kingine. Kwenye nyumba iliyo mita 600 hubaki takribani desibeli 41. Kwa mtambo mmoja hakuna tatizo. Lakini mitambo mitatu ya aina moja iliyo kwa umbali uleule huongeza karibu desibeli 5, na tukafika 46. Juu yake huongezwa takribani desibeli 2 za tahadhari kwa ajili ya makosa ya hesabu, tukafika 48. Kikomo ni 45, na mradi ambao mchana ulionekana mwema sasa umekataliwa kwa desibeli 3. Tena hatujaijumlisha mitambo ya jirani mwingine, ambayo nayo kanuni inataka ihesabiwe kama mzigo uliokuwapo.

Tiba zipo, na zina mpangilio wake. Anza na mapanga yenye meno: watengenezaji hubandika kwenye ukingo wa nyuma wa panga vipande vya plastiki vilivyokatwa kama msumeno, ambavyo huyachana mapigo ya hewa na kupunguza sauti kwa desibeli 2 au 3 bila kupoteza umeme wa maana. Ukisimama kando ya panga lililolala ardhini kabla ya kuinuliwa unaweza kuyagusa. Kila jino ni refu kama kiganja, jembamba, na pembeni lina alama ya gundi. Baada ya hapo ongeza umbali. Mwisho kabisa ndipo upunguze mwendo wa rota usiku, kwa kuwa kila desibeli inayopatikana kwa njia hiyo hulipiwa kwa uniti za umeme kila usiku kwa miaka 20.

Sheria ya kubadilisha mitambo ina nafuu moja muhimu. Ikiwa mtambo mpya hautafikia vikomo vyote vya kelele, lakini mchango wake wa kelele ni mdogo kuliko wa ile unayoibadilisha, na umetumia teknolojia ya kisasa, kibali hakiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Tuseme mitambo minane ya zamani ilimpa mkazi desibeli 48, na mitambo miwili mipya itampa 46: hali yake imekuwa bora ingawa kikomo cha 45 hakijafikiwa. Nafuu hii ni ya haki, nami nimeitumia. Hata hivyo, nawasihi wapangaji wasianzie hapo. Ipime kwanza njia ya kuufikia 45, na uandike katika ombi lako kwa nini haikuwezekana, kwa sababu mkazi aliyevumilia 48 kwa miaka 20 alikuwa akisubiri tarehe ya mwisho, na wewe unamwongezea miaka mingine 20.

Hatua ya 6: Kivuli na taa

Kivuli cha mapanga kinachopita dirishani hakielezeki kwa namba kwa mtu ambaye hajakiona. Asubuhi moja ya Februari nilikaribishwa chai katika jiko la nyumba iliyo mashariki ya kijiji, na jua lilipopanda nyuma ya mitambo ya zamani, ukuta wote mweupe juu ya sinki ukaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, zaidi ya mara moja kwa sekunde. Mwenye nyumba hakusema neno. Alinyanyuka na kushusha pazia kwa mkono uliozoea.

Kipimo kinachotumika Ujerumani ni saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku, kwa hesabu inayodhani kwamba jua huwaka daima na rota huzunguka daima. Kwa kivuli halisi, kinachopimwa kwa kihisi cha mwanga, ukomo ni saa 8 kwa mwaka. Kwa kuwa mtambo mrefu hutupa kivuli mbali zaidi, karibu kila mradi mpya utahitaji kifaa cha kuuzima mtambo wenyewe pindi kivuli kinapofikia dirisha. Iandike katika ombi nyumba moja moja, kwa anwani na saa. Faida moja ambayo majirani huiona mara moja ni mwendo: rota ya mita 66 huweza kuzunguka zaidi ya mara 20 kwa dakika, na rota kubwa ya leo takribani mara 10 hadi 12, hivyo hata pale kivuli kinapofika huwa kimepoa.

Mitambo inayozidi mita 100 huwekewa taa nyekundu za usiku kwa ajili ya marubani wa ndege. Sheria sasa inadai mfumo unaoziacha zimezimwa hadi ndege itakapokaribia kweli. Katika mikutano ya vijiji jambo hili hupokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Hatua ya 7: Ndege na popo

Kwa viumbe wanaolindwa, sheria ya hifadhi ya mazingira inakubali kwamba athari za mitambo ya zamani zizingatiwe kama hali iliyokuwapo, kisha athari za mipya zilinganishwe nazo. Mwewe mwekundu ndiye atakayekushughulisha zaidi katika maeneo mengi: ukanda wa karibu kuzunguka kiota chake ni mita 500 na ukanda wa kati ni mita 1,200. Agiza uchunguzi wa viota mapema, kwa sababu msimu ukikupita utasubiri mwaka mzima. Kwa popo, mtambo huzimwa katika usiku wa joto wenye upepo hafifu.

Hatua ya 8: Ardhi, gridi na majirani

Mitambo michache mikubwa ikichukua nafasi ya mingi midogo, baadhi ya wenye ardhi hupoteza kodi waliyoizoea. Hili huvunja ujirani kuliko kelele. Njia iliyofanikiwa ni kuunganisha mashamba yote yaliyo katika eneo la mradi chini ya mkataba mmoja, ili kila mwenye ardhi apate sehemu kulingana na ukubwa wa shamba lake hata kama mnara haukusimama kwake. Mkataba huo usainiwe kabla mahali pa minara hapajatangazwa, vinginevyo kila mmoja atavutia kwake.

Kijiji nacho kina fungu lake. Sheria ya nishati jadidifu inamruhusu mwendeshaji kuzilipa halmashauri zilizo ndani ya mita 2,500 senti 0.2 kwa kila uniti, zigawane kulingana na eneo la kila moja. Mtambo unaozalisha uniti milioni 15 kwa mwaka utaleta euro 30,000. Litamke hilo kwa tarakimu katika mkutano wa kwanza, na ulete picha zilizochorwa kutoka madirisha halisi ya wakazi, pamoja na lile ambalo kwake mtambo utaonekana vibaya zaidi.

Kuhusu gridi, waya uliobeba mitambo ya kilowati 600 au 1,500 haubebi mitambo ya megavati 6. Omba hesabu ya muunganisho kwa mwendeshaji wa gridi mapema, kwa sababu huenda ukalazimika kujenga kituo chako cha kupoza umeme na kuunganishwa kwenye njia ya kilovolti 110.

Hatua ya 9: Kibali na zabuni

Mtambo wowote unaozidi mita 50 huhitaji kibali chini ya sheria ile ya BImSchG. Mradi wa mitambo isiyofikia 20 kwa kawaida hupitia utaratibu mwepesi usio na lazima ya kuwashirikisha wananchi. Mimi hupendelea ushirikishwaji wa hiari hata pale ambapo sheria haiudai, kwa kuwa pingamizi linalosikika mapema hujibiwa kwa kusogeza mnara, na linalosikika baadaye hujibiwa mahakamani.

Kibali kikishatoka, kisajiliwe na ombi lipelekwe kwenye zabuni za bei ya umeme za mamlaka ya shirikisho ya mitandao ya umeme, ambazo hufungwa mara nne kwa mwaka: tarehe 1 ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Kibali kinatakiwa kiwe kimetolewa na kusajiliwa angalau wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Iwapo mtengenezaji ataacha kutengeneza mtambo ulioombewa kibali, jambo ambalo hutokea sana, sheria inarahisisha kuubadilisha kwa aina nyingine ikiwa mahali hapajasogea zaidi ya mita 8, urefu haujaongezeka zaidi ya mita 20, na ncha ya chini ya panga haijashuka zaidi ya mita 8.

Hatua ya 10: Kung'oa mtambo wa zamani

Wajibu wa kung'oa na kurudisha ardhi katika hali yake umo katika sheria ya ujenzi, na dhamana ya fedha hutolewa kabla ya ujenzi kuanza. Tangu mwaka 2020 kuna mwongozo wa kiufundi uitwao DIN SPEC 4866 unaoeleza mpangilio wa kazi, nami naushauri uandikwe ndani ya mkataba wa mkandarasi.

Kwanza mafuta yote hutolewa na gesi ya swichi za umeme hukusanywa. Kisha kreni hushusha mapanga, kitovu, chumba cha mashine na vipande vya mnara. Chuma na shaba hupata mnunuzi upesi. Mapanga ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi pamoja na mbao nyepesi, na Ujerumani hairuhusu taka za namna hiyo kuzikwa jalalani tangu mwaka 2005. Hukatwa hapo hapo shambani. Dai msumeno unaonyunyizia maji na turubai chini yake, kwani vumbi la kioo likishaingia kwenye malisho halikusanyiki tena. Nimewahi kuliona likimeta juu ya nyasi siku ya pili baada ya mkandarasi mmoja kukata makavu. Mwenye shamba aliondoa ng'ombe wake, na udongo wa juu ukachotwa kwa gharama yetu.

Msingi wa zege nao uondolewe wote. Wapo wanaopendekeza kuuvunja hadi mita moja tu chini ya ardhi na kuufukia unaobaki, kwa hoja kwamba jembe halitafika. Maji ya mvua hufika, na mkulima atakayetaka kuchimba mfereji miaka 30 ijayo atafika pia. Pima tarehe ya kung'oa dhidi ya ile miezi 48, na usianze kung'oa kabla mkataba wa mtambo mpya haujawa na tarehe ya kuletwa.

Hatua ya 11: Kusimamisha na kupima upya

Wakati wa ujenzi, magari ya mapanga yenye urefu wa mita 80 yasipitishwe kijijini usiku bila taarifa ya maandishi kwa kila nyumba iliyo njiani. Mtambo ukishawashwa, agiza kipimo cha kelele ndani ya mwaka wa kwanza, hata kama kibali kimeruhusu kutegemea hesabu. Kipimo hufanyika usiku, katika upepo ambao mtambo hutoa sauti yake ya juu kabisa, nusu mita nje ya dirisha lililofunguliwa la chumba kinachoathirika zaidi. Kwa hiyo itabidi umwombe mkazi akufungulie dirisha la chumba chake cha kulala saa 7 za usiku. Mweleze tarehe kadhaa zinazowezekana, kwa kuwa upepo haupangiki, mpe namba ya simu inayopokelewa na mtu, na ripoti ikitoka mpelekee nakala yake siku ile ile unayoipeleka kwa mamlaka.